Mwanangu Alivyojifunza Tatu

Mwanangu wa kwanza alizaliwa anasikia. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wengi waliomjua baadaye hudhani alizaliwa vile alivyo, na mimi huona kama wanamnyang'anya sehemu ya maisha yake. Alikuwa akisikia adhana ya alfajiri, akajigeuza kitandani. Alikuwa akisikia mlango wa nje baba yake anaporudi kazini, akatambaa mpaka ukumbini kumpokea. Maneno yake ya kwanza yalikuwa "maji" na "bibi", na yote mawili aliyatamka vizuri.

Kisha ikaja homa. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Shingo ilikakamaa, macho yakawa hayatulii, tukamkimbiza hospitali na tukakaa huko mpaka majirani wakaanza kuja kuniangalia kwa nyuso za watu waliokuja kuaga. Mungu akamrudisha. Tulirudi nyumbani kwetu Jang'ombe, na mama yangu akaja kutoka Kidichi, kwenye mashamba ya viungo, kunisaidia. Siku moja yuko jikoni, kifuniko cha sufuria kubwa kikamponyoka, kikaanguka sakafuni kwa kishindo kilichonitoa mimi ukumbini mbio. Mtoto alikuwa amekaa nyuma yake, amempa mgongo, anachezea majani ya mchaichai. Hakugeuka. Mama akakiokota kile kifuniko, akakiangusha tena, safari hii makusudi. Mtoto akaendelea kuchambua majani yake. Mama akaniangalia.

Mama yangu alikuwa mtu wa dua. Aliletewa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mtoto akanyweshwa kila asubuhi. Mimi nikampeleka kwa madaktari. Daktari mmoja mzee alinieleza kwa upole kwamba mshipa wa kusikia umeharibika na hautarudi, kisha akanishauri nimpeleke skuli mapema, nisimfungie ndani. Mengine aliyosema siku ile sikuyasikia. Nilikuwa nahangaika na kifungo cha gauni la mtoto, nakifunga na kukifungua.

Nyumbani tulijitengenezea lugha yetu. Mkono shavuni ni kulala. Kushika kidevu ni baba, kwa sababu ya ndevu. Bibi yake wa Kidichi alikuwa ni kusugua vidole na kuvinusa, maana mikono ya mama yangu ilikuwa na harufu ya mdalasini wakati wote, hata siku ya Idi. Tulikuwa na ishara za njaa, za maumivu, za mvua, za "usiguse". Ishara ya namba hatukuwa nayo hata moja, na wala sikujua kwamba haipo. Mtu hawezi kujua upungufu wa kitu ambacho hajawahi kukikosa.

Hesabu aliijua kwa namna yake. Tukipata wageni, nilimwachia yeye kupeleka vikombe vya chai. Alichukua kimoja jikoni, akakiweka mbele ya mgeni mmoja, akarudi kuchukua kingine, akaenda, akarudi, mpaka kila mtu ana chake. Mtu akimsaidia kwa kubeba vitatu pamoja alikasirika, akavirudisha vyote jikoni na kuanza upya. Wageni walicheka. Baba yake alikuwa akisema, "Huyu hamdhulumu mtu," na ni kweli, hakuna aliyekosa na hakuna kikombe kilichozidi. Mimi nilijivuna. Nilidhani anajua kuhesabu.

Alipofika miaka sita nikamwandikisha skuli ya mtaani kwetu. Mwalimu wa darasa alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye sauti iliyokauka kwa kufundisha watoto wengi katika chumba kimoja. Nilimweleza hali ya mtoto. Hakunikataa. Alimshika mkono, akamkalisha kwenye jamvi safu ya mbele, karibu na ubao, akaniambia, "Tutajaribu, Bi. Mimi sijafunzwa watoto kama hawa, lakini tutajaribu."

Wiki za mwanzo nilikuwa nikibaki kidogo dirishani. Mwalimu alikuwa na fimbo nyembamba ya kuonesha namba ubaoni, na watoto waliitikia kwa pamoja, moja, mbili, tatu, nne, kwa mdundo mmoja kama wanaosoma kasida. Mwanangu aliwaangalia midomo. Baada ya siku chache na yeye akawa anafungua mdomo. Alikuwa anafungua wanapofungua, anafumba wanapofumba, na kichwa anakitingisha pamoja nao. Ukimtazama kwa mbali, humtofautishi na wenziwe. Namba alizinakili vizuri kuliko watoto wote. Nane yake ilikuwa nzuri, mviringo juu ya mviringo, haina pembe.

"Mtoto wako mwepesi," mwalimu akaniambia. "Mkono wake unatulia."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Darajani, kwenye duka la misumari na makufuli ambako mume wangu ni muuzaji, nikamwambia mbele ya wateja. Alifurahi mpaka akampa mteja makufuli mawili badala ya moja.

Ilichukua muda kabla sijaelewa. Ilikuwa mchana, nnapika, mikono imeingia unga, na nikataka nyanya tatu kutoka kwenye kapu la uani. Nikaona huu ndio wakati wa kumjaribu. Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika 3 sakafuni, kubwa, kisha nikamwonesha kapu. Aliitazama ile 3 kwa makini sana. Akauchukua ule mkaa mkononi mwangu, akachutama, na chini ya 3 yangu akaandika 3 yake. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Akaniangalia kusubiri nimsifu.

Nikamwonesha tena kapu. Akaandika 3 nyingine.

Nikafuta, nikaandika 5. Akaandika 5. Nikaandika 1, nikamletea nyanya moja, nikaiweka juu ya ile 1. Akaitoa nyanya akaiweka kando, kwa adabu, kama mtu anayemsaidia mwenziwe kuondoa uchafu, akaandika 1 yake. Kwake yeye zile zilikuwa picha. Zilikuwa mapambo wanayoyapenda watu wa skuli. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndani ya picha ile mna nyanya, mna vikombe, mna watu. Wenziwe waliambiwa kwa sauti, mara mia kwa siku, tangu hawajajua kukaa. Nilikaa chini pale pale jikoni na mikono yangu ya unga. Yeye akadhani nnaumwa. Akanishika tumbo, akafanya ishara ya maumivu, akaniuliza kwa macho.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa mwalimu wakati wa mapumziko. Nilijiandaa kumlaumu. Lakini kabla sijamaliza maneno alivuta kiti akanipa nikae, na yeye akabaki amesimama.

"Nshajua," akasema. "Nimejua wiki iliyopita. Niliwapa vijiti, kila mtoto aniletee vinne. Wako aliniletea vyote, na akanipangia vizuri mezani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa natafuta pa kukupeleka kwanza. Sikutaka kukupa maneno matupu." Akataja skuli iliyo upande wa pili wa mji, karibu na Mji Mkongwe, ambako kuna darasa la watoto wasiosikia. "Yuko mwalimu kule, mwenyewe hasikii. Nenda kamwone. Hapa nnamwacha nyuma kila siku, Bi, na mimi naona, na sina la kufanya."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Nilikwenda kumlaumu, nikaishia kumpa pole.

Mume wangu hakutaka. Tulizozana jioni ile kwa sauti ya chini, kwa mazoea tu, maana mtoto alikuwa amekaa kati yetu na hasikii chochote.

"Ukimtia katika darasa la mabubu atakuwa bubu," alisema.

"Sasa hivi ni nani?"

"Sasa hivi yuko na watoto wa mtaani. Anacheza nao. Anafanana nao."

"Anafanana nao," nikamwambia. "Hayo ndiyo yanayonitisha."

Mtoto alikuwa akituangalia midomo, yangu, kisha yake, kisha yangu, kama alivyokuwa akiwaangalia wenziwe darasani. Akafungua mdomo na yeye. Baba yake akauona ule mdomo ukifunguka na kufumba bila neno ndani yake. Akainuka akatoka nje. Aliporudi alisema tu, "Njia yangu ya kazini inapita kule. Ntampeleka mimi."

Siku ya kwanza tulikwenda sote watatu. Mwalimu alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, na alitusalimia kwa kuweka mkono kifuani. Alikuwa na msaidizi, mwanamke anayesikia, ndiye aliyetutafsiria. Watoto darasani walikuwa wachache, na kitu kilichonishtua ni kelele. Nilitarajia kimya. Kumbe wasiosikia hawana sababu ya kunyamaza. Viti vinaburuzwa, meza zinapigwa, vicheko vinatoka vinavyotaka. Mwanangu alisimama mlangoni akishika mtandio wangu, anaitazama mikono yao. Sijapata kumwona akitazama kitu vile. Alikuwa kama mtu wa Kidichi aliyekaa ugenini miaka, ghafla akasikia sokoni mtu anasema kwa lafudhi ya kwao.

Niliruhusiwa kukaa nyuma. Mwalimu alikuwa na mfuko wa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za kuchezea bao. Aliweka tatu mbele ya mwanangu, akainua vidole vitatu. Akaziondoa, akaweka vizibo vitatu, akainua vidole vile vile. Akawasimamisha watoto watatu. Vidole vile vile. Akachora macho matatu ubaoni, ya kuchekesha, na pembeni akaandika 3, watoto wakaangua kicheko. Vidole vile vile. Mwanangu aliinua vidole kila alipoinua yeye, na nikamjua: anaiga. Moyo ukaniuma. Nikamwambia yule msaidizi, "Mwambie hajui. Anaiga tu. Huyu ni hodari wa kuiga."

Msaidizi akamfikishia kwa mikono. Mwalimu akanijibu, naye msaidizi akanitafsiria: "Anasema anajua. Na yeye mwenyewe, mwalimu, aliiga miaka mingi."

Haikuwa siku ile. Wala wiki ile. Nilikuwa nikienda mara kwa mara, nikakaa nyuma, na kila mara nikatoka na uzito ule ule. Kisha ikaja asubuhi moja ambayo mwalimu alimwita mwanangu mbele, akamkalisha mezani, akamlaza kiganja juu ya ubao wa meza. Akamfunika macho kwa leso. Mtoto alitaka kuitoa. Mwalimu akampapasa bega, akatulia. Kisha mwalimu akapiga meza kwa ngumi, taratibu. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Akaacha.

Hakukuwa na mkono wa kuuiga. Hakukuwa na mdomo. Mtoto alikaa kimya na leso usoni, na niliona kidole chake kimoja kikitikisika juu ya meza. Akainua mkono. Akafunua vidole, kimoja, halafu cha pili, halafu cha tatu, akavishikilia hewani mbele ya giza lake.

Mwalimu akamfungua macho, akamwonesha komwe. Mtoto akachagua tatu mwenyewe. Akageuka kwenye ubao, akaitafuta ile 3, picha aliyokuwa akiinakili kwa uzuri mwaka mzima, akaigusa. Halafu akanitafuta mimi kwa macho. Hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyegundua kwamba watu wamekuwa wakizungumza jambo mbele yake siku zote.

Tangu hapo alihesabu kila kitu. Njiani na baba yake alihesabu misumari ya shaba kwenye milango ya Mji Mkongwe, paka waliolala barazani, vikapu vya machungwa. Kila alipohesabu alimvuta baba yake mkono na kumwuliza. Mume wangu ni mtu wa haya. Watu walikuwa wakisimama kumtazama mtoto anayepunga mikono, na yeye alikuwa akiufumbata ule mkono mdogo ndani ya kiganja chake, akaharakisha mwendo. Hili hakuniambia. Nililijua siku aliyorudi kazini, akakaa bila kuvua viatu.

"Tisa inafanywaje?" akaniuliza.

"Tisa?"

"Ya kwao. Ya mikono. Kaniuliza kitu, nadhani alitaka nimjibu tisa, mimi nikafanya sijui nini. Akaniangalia hivi." Akauinamisha uso wake mkubwa kwa namna ya mtoto aliyekata tamaa. "Njia nzima hakuniuliza tena. Kanchoka, mama. Mwanangu mwenyewe kanchoka."

Nilimfundisha tisa, kwa kadiri nilivyoijua. Akaifanya vibaya. Tukamleta mtoto mwenyewe kutoka uani, naye akamshika baba yake vidole kimoja kimoja, akavikunja na kuvinyoosha kwa ukali wa mwalimu, mpaka vikakaa sawa.

Mama yangu alifariki mwaka wa pili wa darasa lile. Aliugua siku chache tu, Kidichi, katika nyumba aliyozaliwa. Alikuwa ameanza kuzijua ishara za namba mpaka tano, na aliniambia safari ya mwisho niliyomwona na afya yake kwamba akipata nafasi atajifunza zilizobaki. Tulimzika alasiri. Wanawake walijaa nyumba na ua mzima, na mimi nikawekwa chumbani na shangazi zangu, sina nguvu ya kumwuliza mtu mwanangu yuko wapi.

Ilipofika wakati wa kula nilitoka kwenda kunawa uso kisimani, nyuma, karibu na jiko la shamba. Wapishi walikuwa wanapakua wali kwenye masinia, na mmoja wao, jirani wa marehemu, alikuwa akiuliza wanawake wa ukumbini na barazani wamekaa makundi mangapi. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kwenda kutazama. Mwanangu akamwona yule mama akielekeza sinia na mlango, akielekeza sinia na mlango. Akatoka. Baada ya muda mfupi akarudi, akasimama mbele ya yule mama, akainua mkono kwa namna ya darasani kwake.

"Anataka nini huyu?" yule mama akauliza. "Mpeni wali, ana njaa."

Mtoto akaona hajaeleweka. Akashusha mkono, akafikiri, kisha akafunua kiganja kizima, na pembeni yake vidole viwili vya mkono wa pili.

"Saba," nikasema kutoka kisimani. "Anakwambia masinia saba."

"Huyu? Huyu si ndiye asiyesikia?"

"Ndiye."

Akaniangalia kwa huruma, nikajua anadhani msiba umenichanganya. Akamtuma binti mmoja kwenda kuhakikisha. Binti akarudi na kusema, "Saba, bibi." Yule mama akapakua saba. Mwanangu hakubaki kungoja sifa. Alikuwa ameshakwenda kusaidia kushika mlango masinia yapite.

Nilijiinamia kisimani nikalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Walionisikia walidhani namlilia mama, na ni kweli nilikuwa namlilia. Alikuwa ndiye mtu pekee duniani ambaye ningetaka kumsimulia lile jambo, mara mbili, tatu, na yeye angeniuliza tena mwanzo wake.

Jioni mtoto alikuja kunilalia mapajani. Akasugua vidole vyake, akavinusa, akauliza kwa macho. Nikafanya ishara ya kulala. Akatikisa kichwa, hapana, akanifanyia ishara ya kufa waliyofundishwa darasani, ambayo mimi sikuwa naijua. Ilibidi yeye anifundishe.

Sasa yuko darasa la tatu. Anajumlisha na kutoa kwa kasi kuliko mimi, na kaka zangu wakija hupenda kumjaribu. Siku za Jumamosi wenziwe wa darasani humtembelea, wanakaa barazani kwetu na mikono yao inakwenda haraka hata siambulii kitu. Wanacheka, na mimi nimesimama na trei ya sharubati, sijui wanachekea nini. Akiniona nimesimama hivyo hupunguza mwendo wa mikono yake, kama mtu anavyomsemesha mgeni. Mimi na baba yake tunajifunza. Mwalimu wake hutufundisha bure baada ya sala ya alasiri. Vidole vya mtu mzima ni vizito. Ile lugha yetu ya jikoni ameshaiacha, hasemi tena kwa kushika kidevu. Baba yake ana jina jipya la mikono alilopewa na watoto wa darasani, na analipenda.

Wiki iliyopita nilikuwa naanika nguo, akaja kunivuta kanga. Aliniuliza namba zinaishia wapi. Nilielewa swali. Jibu pia nilikuwa nalo, lakini sikuwa na ishara zake. Nikaunyoosha mkono mbele, mbele zaidi, mbele zaidi, mpaka kwenye ukuta wa jirani. Akautazama ukuta, akanitazama, akatikisa kichwa kwa upole. Akaniambia atamwuliza mwalimu. Halafu akachukua vibanio kwenye ndoo, akanisaidia kuanika mashuka.